Kelele na Sanduku: Kura ya Rais ya 1962 katika Fasihi Yetu

Tarehe 1 Novemba 1962 Watanganyika walipiga kura ya kumchagua Rais wao wa kwanza. Wagombea walikuwa wawili. Julius Nyerere wa TANU alipata kura 1,127,978. Zuberi Mtemvu wa African National Congress alipata kura 21,276. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo nchi ikawa Jamhuri, Malkia wa Uingereza akaacha kuwa mkuu wa nchi yetu, na Mwalimu akaapishwa. Haya kila aliyepita darasani anayajua, angalau nusu yake. Nasema nusu kwa sababu jina la mshindi tulilikariri tungali wadogo, lakini jina la aliyeshindwa ukilitaja kijiweni, washikaji watakutazama na kukuuliza, "Mtemvu ndiyo nani tena?"

Historia ina wenyewe, na mimi sitaki kuwanyang'anya kazi. Mimi ni mtu wa riwaya, au tuseme mtu anayetamani kuwa wa riwaya. Swali langu kwa hiyo ni la kifasihi: kura hii iko wapi katika maandishi yetu? Taifa zima linaambiwa kwa mara ya kwanza, "Haya, chagueni mkuu wenu," na waandishi wa taifa hilo wanapita kando kama watu waliokutana na mdai wao njiani. Kwa nini? Na je, sisi vijana tunaoandika leo tumerithi nini kutokana na kupita kando huko?

Naomba msomaji anivumilie. Nitawagusa wakubwa kidogo, na nitajigusa mimi mwenyewe na nyie wenzangu zaidi.

WALIORUKA

Tuanze na riwaya na tamthilia tunazozijua sote. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969) alirudi nyuma mpaka Vita vya Maji Maji, yaani 1905 hadi 1907. Shafi Adam Shafi katika Kuli (1979) alichukua mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, na katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) akatupeleka kwenye Mapinduzi ya 1964. Euphrase Kezilahabi katika Gamba la Nyoka (1979) akaandika habari za vijiji vya ujamaa na jinsi watu walivyohamishiwa humo. Vitabu vyote hivi ni vizuri, na mimi sina ubavu wa kuvipunguzia heshima.

Lakini hebu viweke kwenye mstari mmoja, uone vinavyoruka. Kuna vita, kuna mgomo, kuna mapinduzi, kuna kuhamishwa kwa nguvu. Kila mahali pana damu, au moshi, au mtu anavunjiwa nyumba. Mwandishi wetu anapotafuta mgogoro, anautafuta pale panapoonekana kwa macho. Siku ambayo watu wamepanga foleni kimyakimya, wakatumbukiza karatasi ndani ya sanduku, wakarudi nyumbani kupika, anaiona siku hiyo haina hadithi.

Upande wa ushairi ndiyo kabisa. Ushairi wa Uhuru ulikuwa mwingi, na sehemu yake kubwa ilikuwa pongezi. Sisemi pongezi ni dhambi. Watu waliofurahi wana haki ya kuimba, na washairi wa wakati ule walikuwa wameutolea Uhuru jasho lao. Saadani Kandoro, kwa mfano, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU, mshairi na mwanasiasa katika kanzu moja. Mtu wa namna hiyo ukimdai shairi la kutilia shaka ushindi unamwonea. Ila matokeo yake kwa sisi tuliokuja nyuma ni kwamba siku ile imetufikia kama harusi. Tunasikia vigelegele, tunaona mapambo, bwana harusi anapita. Hatumwoni mtu yeyote anayefikiri.

Sasa hapo ndipo penye hoja yangu. Katika uchaguzi wowote kuna vitu viwili, kelele na sanduku. Kelele ni za wengi, zinasikika mpaka ng'ambo ya mto. Sanduku ni la mtu mmoja mmoja, na halisemi kitu mpaka lifunguliwe. Fasihi yetu ya Uhuru imetupa kelele za kutosha. Sanduku bado halijafunguliwa.

RAIS ALIYETAFSIRI MAUAJI YA MTAWALA

Ajabu ni kwamba aliyetukaribia zaidi katika jambo hili ni mshindi mwenyewe. Mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya kura ile, ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare inayomhusu Julius Caesar. Mtafsiri alikuwa Julius Nyerere. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi.

Kijiweni watu hupenda kulicheka jambo hili: Rais anaitwa Julius, anatafsiri kitabu cha Julius aliyeuawa na rafiki zake. Wengine huenda mbali na kusema alikuwa anajitabiria, au alikuwa anawapa onyo mawaziri wake. Mimi njia hiyo siifuati. Mhakiki anayeingia moyoni mwa mtafsiri bila kubisha hodi ni mpiga ramli. Tubaki na kile kilichopo mkononi, yaani tamthilia katika Kiswahili, mbele ya wasomaji waliotoka kupiga kura juzi tu.

Wasomaji hao walikutana na nini? Kwanza kabisa walikutana na kelele. Kumbuka mwanzo wa mchezo: Brutus na Cassius wamesimama pembeni wanazungumza, na kutoka mbali unasikika umati ukipiga kelele, mara moja, mara ya pili. Sisi watazamaji hatuoni kinachotokea huko. Mpaka anapokuja Casca na kueleza kwa dharau ndipo tunaelewa kwamba Mark Antony alikuwa akimpa Caesar taji, Caesar akalisukuma mara tatu, na kila alipolisukuma watu wakashangilia. Huo ndio uchaguzi wa Roma katika mchezo huu. Hakuna karatasi wala anayehesabu. Mtu anapimwa kwa ukubwa wa shangwe.

Halafu linakuja tukio la tatu, lile ambalo kila aliyesoma mchezo huu halisahau. Caesar ameshauawa. Brutus anawaeleza watu kwa nini amemuua rafiki yake, kwamba ni kwa ajili ya nchi isije ikawa mali ya mtu mmoja. Watu wanamkubali, tena baadhi yao wanataka yeye ndiye awe Caesar mpya! Wamesikia hotuba ya kukataa ufalme, wanampa msemaji ufalme. Dakika chache baadaye Antony anapanda jukwaani, anazungukazunguka kwa maneno, analia kidogo, anataja wosia, na watu walewale wanakwenda kuchoma nyumba za kina Brutus.

Na sisi waandishi tusome kwa makini kinachofuata, maana kinatuhusu. Umati unakutana barabarani na mtu aitwaye Cinna. Miongoni mwa wauaji kulikuwa na Cinna. Huyu anajitetea kwamba yeye siye, yeye ni mshairi. Wanaona hata hilo ni kosa la kutosha, ubaya wa mashairi yake wanaufanya kuwa sababu, wanamrukia. Ndugu zangu, kelele zikishakolea, hakuna anayekagua vitambulisho.

Kwa fani pia tafsiri hii ilikuwa na ujasiri wake. Mwalimu aliitafsiri kwa mistari isiyo na vina. Hii ni miaka kumi na zaidi kabla ya Kichomi ya Kezilahabi (1974), kitabu kilichowasha moto wa mabishano kati ya washairi wa mapokeo na wa mabadiliko. Wale waliosema Kiswahili bila vina si ushairi walikuwa tayari na mfano mbele yao, tena kutoka Ikulu.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Juliasi Kaizari ni kitabu cha uchaguzi wa 1962. Nasema kwamba kinatupa kipimo. Kinatuonyesha nchi yenye kelele bila sanduku, na mwisho wake. Ukishakisoma, unaanza kuiona tofauti ya siku ile ya Novemba kwa macho mapya. Tanganyika nayo ilikuwa na umati mkubwa unaompenda mtu mmoja. Lakini siku ile kila mtu wa umati huo alipewa nafasi ya kuwa peke yake kwa muda mfupi, na watu 21,276 walipokuwa peke yao walisema jambo tofauti na umati.

Katika kila watu 54 waliopiga kura, mmoja. Huyo mmoja ndiye mhusika ninayemtafuta.

"MATOKEO YANAJULIKANA"

Nina muswada wangu, daftari kubwa tatu zilizojaa na ya nne iko njiani. Unahusu uchaguzi huu. Niliwahi kumpelekea mtu mmoja mwenye jina katika mambo ya uchapishaji. Alisoma kurasa chache akanirudishia, akasema kijana una mkono mzuri lakini hadithi yako haina taharuki, kwani nani asiyejua aliyeshinda? Asilimia 98 kwa 2, mgogoro uko wapi?

Jibu lake nimelifikiria sana, na nalileta hapa si kwa ajili ya kumsema, bali kwa sababu najua wengi wenu mtaambiwa vivyo hivyo. Nasema hoja hiyo ni dhaifu, na ushahidi uko kwenye rafu zetu wenyewe.

Nani asiyejua kwamba Caesar atauawa? Shakespeare mwenyewe hakuona haja ya kutuficha. Alimuua katikati ya mchezo, sehemu ya tatu, zikabaki sehemu mbili nzima. Taharuki haikuwa kwenye kifo, ilikuwa kwenye watu waliobaki na kile walichokifanya baada ya hapo. Nani asiyejua kwamba maji hayakuzuia risasi za Wajerumani? Ebrahim Hussein alijua kwamba tunajua. Kinachotukamata katika Kinjeketile ni mtu aliyeachia neno, neno likamkimbia, likawa kubwa kuliko yeye. Kwa hiyo matokeo yakishajulikana hadithi haifi. Inahama tu, inatoka kwenye "nani atashinda" na kwenda kwenye "mtu huyu atafanya nini na hali anajua atashindwa".

Na mgogoro wa 1962 ulikuwepo, tena mkubwa, ukitaka kuutazama. Rudi mpaka mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena masharti ya mapato na elimu yalikuwa makali kiasi kwamba walioandikishwa nchi nzima hawakufika laki moja. Nyerere akawashawishi wenzake waingie katika uchaguzi huo hivyohivyo, wapitie mlango mbovu lakini waingie ndani. Mtemvu, aliyekuwa mtendaji wa TANU, akakataa. Akatoka, akaunda ANC. Kwake yeye Afrika ilikuwa ya Waafrika, basi.

Miaka minne baadaye watu hawa wawili, waliokuwa chama kimoja, wanasimama mbele ya wapiga kura zaidi ya milioni. Mmoja anasema uraia usipimwe kwa rangi ya ngozi. Mwingine anasema mmewahi mno kuwa wema. Ndani ya kipindi hicho Mwalimu ameacha Uwaziri Mkuu, Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kukijenga chama. Na mwaka huohuo wa kura Bunge linapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kisha baada ya kushindwa vibaya Mtemvu anarudi TANU mwaka 1963, na mwaka 1965 nchi inakuwa ya chama kimoja kisheria. Kura ya Rais ya mwaka huo ina jina moja tu, unaambiwa useme ndiyo au hapana. Nyerere na Mtemvu walikuwa wa kwanza kushindana kwa kiti hicho. Watu wengine kushindana tena mpaka 1995, miaka 33.

Hapo mgogoro hauonekani? Mtu amekosana na rafiki yake kwa jambo la msingi, akashindana naye, akashindwa 53 kwa 1, kisha akarudi kuomba kiti nyumbani kwake. Usiku wa kuamkia kurudi huko alilala vipi? Hilo historia haiwezi kutuambia. Riwaya inaweza.

ASIFANYWE MALAIKA

Lakini hapa nina onyo, maana najua tabia yetu vijana. Tukishagundua kwamba mtu fulani alisahauliwa, tunamfanya shujaa palepale. Tunageuza tu kanzu nje ndani: jana sifa kwa mshindi, leo sifa kwa aliyeshindwa, na ushairi ni uleule wa pongezi.

Siasa ya Mtemvu ilikuwa na sehemu ambayo ni lazima mwandishi aitazame bila kupepesa. Nchi aliyoitaka yeye ingemwambia jirani yako mwenye duka, aliyezaliwa Tukuyu, kwamba hapa si kwao. Mpiga kura aliyempa Mtemvu kura yake huenda alifanya hivyo kwa uchungu wa kweli, kwa sababu ya bwana shamba Mzungu aliyemtukana au mwenye duka Mwasia aliyemlangua. Huenda pia alifanya hivyo kwa chuki tu. Huenda aligombana na katibu wa tawi la TANU kwa ajili ya mwanamke. Mwandishi anayejua kazi yake ataviacha vyote vitatu ndani ya mtu mmoja, wala hatamsafisha. Walimu wetu walituambia tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara tukaiandika daftarini na kuifanyia mtihani. Mtihani wenyewe hasa ni huu.

Tena tuna mwalimu wetu wa ndani katika jambo hili, hatuhitaji kukopa. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi minne na kitu kabla ya kura. Hakuiona Jamhuri. Lakini katika Kusadikika, iliyotoka 1951, alikuwa ameshatuchorea mtu mmoja anayesimama mbele ya baraza zima. Karama anashitakiwa na waziri mwenye nguvu, naye hajibu kwa matusi, anajibu kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na kuteswa. Baraza linalazimika kusikiliza. Sanaa yote ya kitabu kile imo katika kulazimisha wengi wamsikilize mmoja. Karama ni mwema kupita kiasi, nakubali, na kizazi chetu kinaweza kumpa doa moja au mawili. Lakini njia ameitengeneza.

BOLÍVAR MTONI

Wenzetu wa Amerika ya Kusini walikuwa na marais wa kwanza miaka mingi kabla yetu. Simón Bolívar alichaguliwa kuwa Rais wa Kolombia Kubwa mwaka 1821, akichaguliwa na wajumbe wa bunge pale Cúcuta, si na wananchi wote. Ukombozi wa nchi kadhaa unahusishwa na jina lake, na sanamu zake zimejaa mijini. Gabriel García Márquez alipoamua kumwandikia riwaya, El general en su laberinto (1989), angeweza kuchagua siku ya kuapishwa, farasi mweupe na maua. Hakuchagua hivyo. Alichagua safari ya mwisho, mwaka 1830, Bolívar akiwa ameshaacha madaraka, mgonjwa, anateremka mto Magdalena kuelekea pwani, ambako alifia.

Kuna waliokasirika, kwamba kwa nini baba wa taifa aonyeshwe akikohoa. Lakini mimi nasema ile ndiyo heshima kubwa ambayo mwandishi anaweza kumpa mtu mkubwa: kumwona. Sanamu haikohoi, lakini pia haikupendi. Nasi tuna Baba wa Taifa aliyekuwa na dini yake, utani wake, ukaidi wake, na usiku wake wa kukaa na Shakespeare na kamusi. Ni nani amemwandikia mto wake?

NOVEMBA YA KIWIRA

Nitoe mfano wa karibu, ili nisionekane naelea hewani. Tuseme mmoja wetu ataka kuiandika siku ile kwa mandhari ya huku kwetu Rungwe. Asianze na Dar es Salaam. Asimtafute Nyerere wala Mtemvu, hao wataingia wenyewe kwa majina midomoni mwa watu. Aanze na mvua, maana huku Novemba hatuna uhakika na mengi lakini na mawingu tuna uhakika nayo. Aweke mtu na jani la mgomba kichwani anashuka mlima. Kumbukeni kwamba wakati ule Kyela nayo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rungwe, kwa hiyo wilaya moja ilikuwa na mtu wa kahawa na chai wa huku juu penye baridi, na mtu wa mpunga wa kule chini penye joto la ziwa. Je, walitaka nchi ileile?

Kisha aingie ndani zaidi. Wanyakyusa walikuwa na ubusoka, sherehe ambayo kizazi cha baba kiliwakabidhi watoto wao madaraka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku katika miaka ya 1930, aliieleza kwa kirefu. Katika desturi hiyo mtu hakuwa malafyale kwa kuhesabiwa vidole. Alitolewa, akaonyeshwa watu, na wazee wakampisha. Sasa mchukue mzee aliyeshuhudia ubusoka akiwa kijana. Mwaka 1962 karani, mtoto wa juzi, anampa karatasi na kumwambia mkuu wa nchi yote utamchagua wewe, tena usituambie umemchagua nani. Usituambie! Kwa mzee huyo, ambaye maisha yake yote jambo kubwa lilifanywa mbele za watu, siri hiyo ni heshima au ni aibu? Na mwaka 1963, serikali aliyoipigia kura inapofuta mamlaka ya kiserikali ya machifu, atamlaumu nani, na mkono ni wake?

Mnaona? Hapo hakuna risasi hata moja, na mimi tayari nina sura tatu. Na usiku wa kuhesabu bado: karabai inavuma juu ya meza, karatasi zinapangwa mafungu mawili, moja linapanda kama kichuguu na jingine limelala. Karani anayehesabu fungu dogo anatambua kwamba katika chumba hiki hiki, katika kijiji hiki hiki, kuna watu wachache ambao leo asubuhi waliimba pamoja na wengine wote njiani, wakafika hapa wakanyamaza. Kesho atakutana nao sokoni. Atamwangalia kila mtu usoni.

KINACHOTUUMA LEO

Mtasema haya ni ya wazee, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana, tena mfukoni. Kila uchaguzi unapokaribia, kijana mwenye kipaji cha maneno anatafutwa. Andika wimbo, tunga ngonjera, tengeneza utenzi wa mgombea. Pesa ipo, fulana ipo, kofia ipo. Simlaumu mtu anayechukua, nyumba za kupanga hazilipwi kwa tamathali za semi. Lakini tujue tunachokiuza. Tunauza kelele, kwa sababu kelele ndizo tulizorithi na ndizo zinazonunuliwa. Ukimwambia mtu huyohuyo aandike hadithi ya mpiga kura mmoja aliyebadili nia akiwa mlangoni, atakuuliza nani ataichapa.

Na tumeshaona kwamba kelele zina hatari yake. Hatuna haja ya kwenda Roma. Unguja, Juni 1961, siku za uchaguzi ziliishia kwa ghasia zilizoua watu 68. Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti vikawa vichache kuliko vya upande wa pili, 13 kwa 18, na miezi sita baadaye ikaja Januari 1964. Sanduku lilisema moja, viti vikasema jingine, na waliokuwa katikati hawakuwa na mtu wa kuwasimulia wao kwa wao. Siamini kwamba riwaya inazuia panga. Naamini kwamba mtu aliyezoea kusoma mawazo ya mtu wa upande wa pili, hata kwenye kitabu cha kuazima, anachelewa kidogo kulinyanyua. Huko kuchelewa kidogo ndiko ninakokutaka.

Mwalimu alipolihutubia Bunge kama Rais kwa mara ya kwanza, tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuunda wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Utamaduni na vijana, katika ofisi moja. Wengi wameuelewa wito ule kama ngoma na halaiki. Mimi nauchukua kama ruhusa. Kijana afanye kazi ya utamaduni, na kazi mojawapo ya utamaduni ni kufungua masanduku yaliyofungwa na kusoma kilichomo, fungu kubwa na fungu dogo, bila kuogopa lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo wenzangu, kabla wazee waliopiga kura ile hawajaisha, mwendee mmoja. Wamebaki wachache, na wa mwisho mwisho wamepita miaka themanini. Usimwulize alimchagua nani, hiyo ni siri yake na sheria inamlinda. Mwulize alivaa nini, alitembea na nani, na njiani wakati wa kurudi walizungumza nini. Ukipata jibu, andika. Mwenye hoja ya kunipinga naye aandike, kurasa za gazeti hili ni zetu sote. Mimi narudi kwenye daftari la nne.

Kiwira, Tukuyu